Simu Mkononi, Foleni Pale Pale

Haipiti miezi mingi bila programu mpya ya usafiri kuzinduliwa katika mojawapo ya majiji yetu. Kunakuwa na ukumbi wa hoteli, mabango, hotuba, na ahadi kwamba sasa teknolojia inakwenda kumaliza foleni. Wiki inayofuata watu wa Mbagala Rangi Tatu wanagombania daladala kama kawaida, na magari ya Thika Road yamesimama kama kawaida. Si lazima programu yenyewe iwe mbovu. Mara nyingi imeundwa na vijana wanaoijua kazi yao vizuri. Kasoro iko katika swali ambalo halikuulizwa mapema: je, programu hii itaongeza watu ndani ya kila gari, au itaongeza magari barabarani?

Swali hilo linatokana na hesabu ya nafasi. NACTO, chama cha maofisa wa usafiri wa majiji ya Amerika Kaskazini, kinakadiria kwamba njia moja ya barabara yenye mchanganyiko wa magari hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Njia hiyo hiyo, kwa upana ule ule, ikitengwa kwa ajili ya mabasi, hupitisha watu 4,000 hadi 8,000. Tofauti hiyo haiwezi kuzibwa na simu inayomwelekeza dereva apite uchochoroni. Uchochoro ukishajulikana na wote, nao unakuwa foleni.

Ndiyo maana sisi wapangaji wa usafiri tunasisitiza kwamba chombo cha kidijitali kinafaa mjini pale kinapolitumikia gari la pamoja: daladala, matatu, mwendokasi, hata bajaji inayomfikisha mtu kituoni. Kazi zake kubwa ni tatu. Kumjulisha abiria gari linakwenda wapi na liko wapi. Kuyaachanisha magari barabarani ili yasifuatane kwa mkupuo. Na kukusanya nauli ili ijulikane imetoka wapi na imekwenda wapi. Kila moja ya kazi hizo imeshajaribiwa Afrika Mashariki, na kuna ya kujifunza katika mafanikio na katika kushindwa kwake.

Ramani iliyochorwa ndani ya matatu

Mpaka mwaka 2012 Nairobi ilikuwa jiji la watu zaidi ya milioni tatu lisilokuwa na ramani kamili ya usafiri wake wa umma. Matatu zilikuwa na namba za ruti, lakini mgeni aliyetaka kutoka Kawangware kwenda Embakasi hakuwa na la kufanya ila kuuliza. Mwenyeji naye alizijua ruti zake mbili tatu za kila siku, basi.

Mwaka huo Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vikuu vya Columbia na MIT vya Marekani na kampuni ndogo ya ubunifu iitwayo Groupshot, wakaanza mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakasafiri kuanzia stendi hadi mwisho wa ruti, na kila mahali gari liliposimama kupakia au kushusha wakaparekodi. Kituo kikawa pale watu wanapopandia kweli, hata kama hapana kibao wala kibanda.

Yote hayo yaliandikwa katika muundo wa data uitwao GTFS, uliozaliwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na TriMet, shirika la usafiri la jiji la Portland huko Oregon. Ndani yake hakuna miujiza. Ni mafaili machache ya maandishi ya kawaida: moja la vituo, jingine la ruti, jingine la safari, jingine la saa za kufika. Kila kituo ni mstari mmoja wenye namba, jina, na tarakimu mbili zinazoonyesha kilipo juu ya uso wa dunia. Faili la vituo vya jiji zima unaweza kulifungua kwenye kompyuta ya kawaida na kulisoma kwa macho yako.

Ugumu ulikuwa kwamba muundo huo ulitungwa kwa mabasi yenye ratiba, na matatu haina ratiba. Mvua ikikatiza barabara au polisi wakiweka kizuizi, dereva hugeuza njia papo hapo. Kwa hiyo badala ya kuandika kwamba gari litafika saa 1:15 asubuhi, ilibidi kukadiria kwamba katika muda fulani wa siku gari hupita kila baada ya dakika kadhaa. Kwa abiria wa mjini makadirio hayo yanatosha kabisa. Anachotaka kujua ni kama atasubiri dakika tano au nusu saa.

Januari 2014 ramani ikatoka, ikiwa na ruti zaidi ya 130 zilizochorwa kwa rangi mbalimbali kama zinavyochorwa ramani za treni za chini ya ardhi. Data yenyewe iliachwa wazi, anayetaka aichukue bure. Mwaka 2015 Google ikaziingiza ruti za matatu katika ramani zake. Watu wa majiji mengine, Accra na Cairo miongoni mwao, nao wakafanya kazi ya namna hiyo.

Wengi huisifu ramani hiyo kwa kumsaidia aliyepotea. Mimi naona faida yake kubwa kwingine. Ilionyesha, kwa kuitazama mara moja tu, kwamba karibu ruti zote zinamiminikia katikati ya jiji. Anayekaa upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili hana budi kuingia mjini, kushuka, kutembea hadi stendi nyingine na kulipa nauli ya pili. Katikati ya jiji panasongamana kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na shida ya kufika hapo. Jambo hilo kila konda alikuwa akilijua. Lakini lilipokaa kwenye karatasi, ofisa wa mipango miji hakuweza tena kujifanya haoni, na mwenye gari aliyetafuta ruti isiyo na ushindani aliiona nafasi yake.

Udhaifu wa ramani za namna hii ni kwamba zinazeeka. Ruti mpya inazaliwa mtaa mpya unapojengwa, nyingine inakufa barabara inapofungwa, na fedha za mradi zikiisha hakuna anayerudi kuhesabu. Ufundi tunao. Hapa Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka mitaa kwa miguu katika mradi wa Ramani Huria, wakachora njia na mifereji ili jiji lijue mafuriko yanapita wapi. Kinachokosekana ni ofisi yenye jukumu na bajeti ya kuisasisha ramani ya daladala kila mwaka, kama inavyosasishwa orodha ya leseni.

Dakika kumi zinavyogeuka kumi na nane

Kazi ya pili, ya kuyaachanisha magari, haionekani kirahisi, lakini ndiyo inayomgusa abiria zaidi. Tuseme ruti moja inapata magari sita kwa saa. Yakipita kila baada ya dakika kumi, abiria anayefika kituoni wakati wowote atasubiri dakika tano kwa wastani. Sasa chukua magari yale yale sita, yaje mawili mawili: moja, dakika mbili baadaye la pili, kisha kimya cha dakika 18. Idadi ya magari haijabadilika. Lakini abiria tisa kati ya kumi watafika ndani ya kile kimya kirefu, na wastani wa kusubiri unapanda hadi dakika nane na ushee. Zaidi ya hapo, gari la kwanza litakuta kituo kimefurika na kujaza mpaka mlangoni, na la pili litapita likiwa na viti vitupu. Kwenye karatasi huduma ipo ya kutosha. Barabarani watu wanalalamika kwamba magari hayapo, na wanasema kweli.

Kwa nini magari hufuatana? Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Gari lililochelewa kidogo hukuta watu wengi zaidi kituoni, hutumia muda mrefu kuwapakia, na kuchelewa zaidi. Lililo nyuma yake hukuta watu wachache na kulifikia la mbele. Hilo huyapata hata mabasi ya London.

Sababu ya pili ni yetu, nayo ni hesabu. Dereva wa daladala hapokei mshahara. Kila jioni anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi walichokubaliana, anatoa ya mafuta, na kinachobaki anagawana na konda. Katika mpango huo kila dereva anafanya jambo lenye akili kwake na lenye hasara kwa jiji. Stendi hang'oki mpaka siti zijae, kwa sababu safari ya nusu gari haimlipi. Akishaondoka anakimbizana na mwenzake, kwa sababu atakayetangulia ndiye atakayewakuta abiria. Mchana abiria wakipungua, anakatisha ruti: wa Mbezi wanashushwa Kimara na kuambiwa wapande gari la nyuma, na nauli wanalipa upya.

Hapa ndipo kifaa cha GPS kinapoweza kufanya kazi ya maana. Kiongozi wa ruti akiwa na skrini inayomwonyesha magari yote, tuseme 40, yalipo, anaweza kumzuia mmoja stendi kwa dakika tatu, kumwambia mwingine aondoke na viti vitupu, na kumjua aliyekatisha ruti bila kungoja abiria apige simu ya malalamiko. Teknolojia hiyo si ngeni kwetu. Mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo wa ufuatiliaji, VTS, tangu mwaka 2017 enzi za mdhibiti wa usafiri SUMATRA, na LATRA iliyochukua nafasi yake inautumia kuwabaini madereva wanaozidisha mwendo. Kifaa kinachoweza kusema basi linakimbia kilomita ngapi kwa saa huko Dumila kinaweza pia kusema daladala limegeuzia wapi.

Lakini skrini haimlishi dereva. Ukimwambia aondoke na viti vitupu huku hesabu ya tajiri inamsubiri, ataizima simu au atakibandua kifaa. Mfumo wa kuyaachanisha magari unafanya kazi pale tu mapato yanapokwenda kwenye chungu kimoja na dereva analipwa kwa zamu au kwa kilomita. Kenya imepiga hatua ya nusu njia kwa kuwataka wenye matatu wajiunge na SACCO au kampuni ili wapate leseni. Kundi lenye magari mengi chini ya usimamizi mmoja linaweza kugawana mapato. Makundi mengi bado hayagawani. Kila mwenye gari huhesabu ya kwake. Mwenye programu anayetaka kuuza mfumo wa ufuatiliaji aanze kwa kuzungumza na matajiri kuhusu malipo ya madereva, la sivyo atauza vifaa vya kupamba dashibodi.

Noti kati ya vidole

Mtazame konda saa 12 asubuhi. Noti amezikunja kwa urefu na kuzipanga kati ya vidole kwa thamani yake, sarafu anazichezesha kiganjani zilie ili waliojifanya wamelala wajue zamu yao imefika. Anakumbuka nani kalipa, nani anadai chenji, nani anashuka kituo gani. Kwa zana hizo anaendesha mfumo wa malipo usiohitaji umeme wala mtandao. Anayetaka kuuondoa lazima alete kitu kinachomfaa zaidi yeye mwenyewe.

Nairobi ilijaribu kuuondoa kwa amri. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walianzisha kadi ya BebaPay, na Serikali ikapanga kwamba kufikia Julai 2014 matatu zote ziache kupokea fedha taslimu. Tarehe ikapita, fedha taslimu zikabaki, na BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Sababu hazikuwa za kiufundi. Abiria alitakiwa kubeba kadi ambayo gari linalofuata huenda lisiipokee. Dereva alihitaji fedha mkononi kwa mafuta, kwa ada za stendi, na kwa yale malipo ya barabarani yasiyotolewa risiti. Nauli yenyewe ilipanda mvua iliponyesha na kushuka mchana. Na zaidi ya yote, kadi ilimwonyesha tajiri mapato halisi ya gari lake, wakati riziki ya wanaoliendesha ilitokana na tajiri kutoyajua.

Kigali ilikwenda kwa mpangilio tofauti. Kwanza, mwaka 2013, jiji liligawanywa katika kanda na kampuni zikapewa mikataba ya kuzihudumia. Baada ya hapo, mwaka 2015, ikaja kadi ya Tap&Go. Abiria anaigusisha kwenye mashine karibu na dereva na kuingia. Kadi ilipokewa kwa sababu aliyekuwa akikusanya nauli alikuwa tayari kampuni yenye mkataba, na mwenye magari alikuwa wa kwanza kuitaka. Haikuondoa foleni za watu vituoni, maana kadi haizai mabasi, lakini ilileta kitu chenye thamani kubwa kwa mpangaji: kumbukumbu ya watu wangapi wanapanda, wapi na saa ngapi.

Wakati huo huo malipo ya simu yalijipenyeza bila amri ya mtu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Leo konda wa matatu anakutajia namba, unatuma nauli, anaangalia ujumbe, yamekwisha. Haikuhitaji kadi mpya wala mashine mpya, na inafanya kazi hata kwenye kitochi kisichojua intaneti. Anayebuni mfumo wa nauli kwa miji yetu aanzie hapo. Menyu za namba za nyota na alama ya reli zinaonekana za kizamani mbele ya wawekezaji, lakini mama anayewahi sokoni Feri kuchukua samaki anazijua kwa moyo.

Teksi za mtandao na kilomita tupu

Watu wengi wakisikia usafiri wa kidijitali huwaza teksi na bodaboda za kuita kwa simu. Zimeleta faida zisizokanushika: bei inajulikana kabla ya safari, dereva anajulikana jina, na mwanamke anayetoka kazini usiku anaweza kuwatumia jamaa zake alama ya njia anayopita. Lakini kwa kipimo tulichoanza nacho, matokeo yake si mazuri.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science Advances uliichunguza San Francisco kati ya 2010 na 2016. Saa ambazo magari yalipoteza kwa kuchelewa siku za kazi ziliongezeka kwa asilimia 62. Bila teksi za mtandao, watafiti walikadiria, ongezeko lingekuwa asilimia 22. Mwaka uliofuata Union of Concerned Scientists, chama cha wanasayansi cha Marekani, kilikadiria kwamba kwa wastani safari ya teksi ya mtandao huchafua hewa kwa asilimia 69 zaidi ya safari iliyochukua nafasi yake. Sababu kubwa ni kilomita tupu, zile ambazo dereva anazunguka akisubiri kuitwa au anamfuata abiria, na pia kwamba wengi wa abiria wale wangepanda basi, wangetembea, au wasingesafiri.

Tanzania nayo ilivutana na kampuni hizo, ila mvutano ulihusu mgawanyo wa fedha. Mwaka 2022 LATRA iliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma, na ikarejea Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kwa dereva ni suala zito. Lakini limetuonyesha pia kwamba mdhibiti ana meno akitaka kuyatumia, na meno hayo yanaweza kutumika kudai takwimu za kilomita tupu.

Je, teksi ikichangiwa na watu kadhaa? Helsinki ilijaribu. Kuanzia 2012 hadi mwisho wa 2015 mamlaka ya usafiri iliendesha Kutsuplus, mabasi madogo 15 yenye viti tisa. Abiria aliita kwa simu, kompyuta ikawaunganisha wanaokwenda upande mmoja na kupanga njia. Abiria waliipenda, lakini magari yalikuwa machache mno kwa safari nyingi kukutana njiani, na kila safari ikawa inakula ruzuku kubwa. Jiji likaifunga. Mwaka 2016 kampuni ya huko huko ikaja na Whim, programu iliyouza basi, treni, teksi na baiskeli kwa malipo ya pamoja. Ilisifiwa dunia nzima, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikafilisika. Nairobi ilipata Swvl ya Misri mwaka 2019, mabasi madogo ya kuwekea nafasi kwa simu. Mwaka huo huo ikagongana na mamlaka ya usafiri, NTSA, kuhusu aina ya leseni, na kufikia 2022 ikaziacha ruti za ndani ya jiji.

Funzo ninalolichukua ni la kupendeza kwetu. Usafiri wa kuchangia unahitaji watu wengi wanaokwenda upande mmoja kwa wakati mmoja, na hao Helsinki hawakuwatosha. Sisi tunao. Daladala tayari ni gari la kuita: unanyoosha mkono, linasimama. Tayari linachangiwa. Nauli yake tayari inamudika bila ruzuku. Kinachopungua ni uhakika wa kupita, usalama, na heshima ya kutokanyagana mlangoni. Fedha zinazotafuta kubuni kitu kipya cha pamoja zingefika mbali zaidi zikitengeneza hiki tulicho nacho.

Njia kwanza, programu baadaye

Mwendokasi wa Dar es Salaam, mabasi yenye njia zake yenyewe, ndio mfano wetu mkubwa. Ulianza kutoa huduma Mei 2016, takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, na mwaka 2018 Dar es Salaam likawa jiji la kwanza la Afrika kupata tuzo ya usafiri endelevu inayoratibiwa na taasisi ya ITDP. Kilicholeta mafanikio hayo ni zege. Njia zilizotengwa, vituo vyenye sakafu iliyo sawa na mlango wa basi, na nauli inayolipwa kabla ya kupanda. Programu haikuwa na sehemu katika hilo.

Sehemu yake inakuja baada ya hapo. Huduma ilianza na mabasi 140, na abiria wakayazidi mapema. Mabasi yanapokuwa machache, kujua wapi kuna msongamano saa hii na kulipeleka basi tupu moja kwa moja Kimara ni faida inayopimika kwa dakika. Mto Msimbazi unapofurika na barabara kufungwa pale Jangwani, hakuna simu itakayoyavusha mabasi, lakini ujumbe mfupi unaowafikia watu kabla hawajatoka nyumbani unaokoa asubuhi ya maelfu. Na kwa anayekaa mbali na kituo, njia mlishi, bajaji au bodaboda yenye nauli iliyounganishwa na tiketi ya basi inaweza kuwa sababu ya kuliacha gari lake nyumbani.

Hata umeme unaingia kwa mlango huo. Kampuni ya BasiGo ya Nairobi, iliyoanza kuendesha mabasi ya umeme mwaka 2022, imekuwa ikiyatoa kwa wenye matatu kwa malipo ya kila kilomita, badala ya kumtaka mtu alipe bei yote ya betri siku ya kwanza. Mpango huo usingewezekana bila kifaa kinachohesabu kilomita na kutuma taarifa. Huo ni mfano mzuri wa chombo cha kidijitali kinachofanya kazi nyuma ya pazia, kikibadilisha uchumi wa gari la pamoja bila abiria kupakua chochote.

Sharti moja la leseni

Limebaki suala la umiliki. Anayejua watu wanatoka wapi, wanakwenda wapi na saa ngapi, ndiye anayejua wapi paongezwe basi na wapi pajengwe barabara. Leo sehemu kubwa ya maarifa hayo imo katika seva za kampuni binafsi, na jiji likiyahitaji huajiri washauri wahesabu magari upya pembeni ya barabara. Tunayatoa bure na kuyanunua kwa bei.

Faragha ya abiria ni jambo la kweli, na sheria zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini mpangaji hahitaji kujua fulani alishuka wapi. Anahitaji kujua kwamba watu 900 hushuka Magomeni kati ya saa 1 na saa 2. Idadi kama hiyo, mfano tu, haimfichui mtu.

Kwa hiyo pendekezo langu halihitaji mkopo wala ukumbi wa hoteli. Mamlaka zinazotoa leseni za ruti ziongeze sharti moja zinapozihuisha: gari liwe na kifaa cha kuonyesha lilipo, na taarifa zake, pamoja na za nauli za kielektroniki pale zilipo, zifike kwa mdhibiti katika muundo wa wazi kama GTFS, zikiwa zimeondolewa majina. Teksi za mtandao zitoe kilomita zao tupu kwa masharti hayo hayo. Mwaka mmoja wa taarifa hizo utatosha kujua ruti zipi zinakatishwa, vituo vipi vinafurika, na ni barabara ipi inastahili kutengewa njia ya mabasi kabla ya nyingine. Anayekataa sharti hilo apoteze ruti, apewe anayelikubali. Wanaoiomba hawajawahi kukosekana.